Umenyimwa beji ya SIA: ujibu barua, uende mahakamani, au usubiri uombe upya?

Barua ya kwanza kutoka SIA, mamlaka ya Uingereza inayotoa leseni za ulinzi (tunazoziita beji), kwa kawaida si ya kukataa. Ni barua ya kusudio: inakuambia kwamba mamlaka inafikiria kukunyima leseni, inataja sababu, na inakupa siku 21 za kujibu. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimekaa na ndugu zetu wengi meza moja, simu mkononi, na karibu kila mmoja alikuwa ameisoma barua ile kama hukumu. Mtu anaona neno la kukataa, moyo unaingia baridi, anafunga akaunti yake na kwenda kutafuta zamu za usafi. Wiki tatu zinakwisha. Barua ya pili ikiingia, hiyo sasa ndiyo ya kukataa kweli, na kuanzia hapo kila hatua ina bei kubwa zaidi.

Kwa wasioijua, SIA ndiyo mamlaka inayotoa leseni za kazi ya ulinzi binafsi Uingereza nzima, kuanzia England na Wales hadi Scotland na Ireland ya Kaskazini. Imeundwa na Sheria ya Sekta ya Ulinzi Binafsi ya mwaka 2001. Kusimama mlangoni kwenye baa na kumbi za starehe, kulinda majengo kwa mkataba, kutazama kamera za maeneo ya umma, kulinda watu mashuhuri, kusafirisha fedha: zote hizo zinataka beji. Kuzifanya bila beji ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miezi 6, na kampuni inayokupeleka kazini bila beji nayo inatenda kosa. Kwa Watanzania, Wakenya, Wakongo, Waganda na Warundi wengi wa huku, beji ndiyo iliyowatoa kwenye kubeba maboksi. Ndiyo maana kunyimwa kunauma, na ndiyo maana wengi huamua kwa hasira au kwa kukata tamaa. Zote mbili ni mshauri mbaya.

Njia zilizo mbele yako ni tatu: kujibu barua ya kusudio, kukata rufaa mahakamani, au kukubali matokeo na kuomba upya wakati ukifika. Wengine huniuliza kuhusu malalamiko na kuhusu Mahakama Kuu. Nitazigusa, ila si njia za mtu wa kawaida.

Kwanza ujue umekataliwa kwa namna gani

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. SIA haimpimi mwombaji kwa kumtazama usoni. Ina vigezo vilivyochapishwa, na kwa upande wa rekodi ya jinai vinaangalia mambo matatu: uzito wa kosa, adhabu uliyopewa, na muda uliopita tangu adhabu hiyo imalizike. Vikichanganywa hivyo vitatu, jibu ni moja kati ya haya: leseni inatolewa, leseni inakataliwa bila mjadala, au kesi yako inapelekwa kupimwa kwa kuangalia mambo mengine ya ziada.

Jibu la katikati na jibu la mwisho yanaonekana sawa ukiyasoma haraka, lakini ni mbingu na ardhi. Ukikataliwa bila mjadala, barua nzuri ya mchungaji au imamu haitasaidia, na mahakama nayo haitasaidia. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba mahakama inayosikiliza rufaa ya SIA inabanwa na vigezo vilevile vinavyoibana SIA. Hakimu hawezi kusema "namwona amebadilika, mpeni beji" iwapo vigezo vinasema lazima ikataliwe. Sheria yenyewe, kifungu cha 11, inamtaka aamue kwa kufuata vigezo vinavyotumika wakati huo.

Kwa hiyo mtu aliyekataliwa kwa lazima, yaani bila mjadala, ana hoja moja tu yenye uhai: kwamba SIA imekosea jambo la hakika. Kosa lile si langu, jina limefanana. Au kosa ni langu lakini adhabu iliyoandikwa siyo niliyopewa. Au muda umehesabiwa vibaya. Kuhusu muda, kuwa mwangalifu sana: saa haianzi kuhesabu siku uliyotoka gerezani, bali siku adhabu yote ilipokwisha kisheria. Aliyehukumiwa miezi 12 akatoka baada ya miezi 6 bado ana miezi 6 mingine kabla saa yake haijaanza. Nimeona mtu akijiona ameonewa kumbe kalenda yake ndiyo iliyokosea.

Aliyekataliwa baada ya kupimwa, huyo ana nafasi. Mizani ilishikwa na binadamu, na binadamu mwingine anaweza kuishika upya akifikia jibu tofauti.

Kuna pia kundi la tatu ambalo halina rekodi yoyote ya jinai: cheti cha mafunzo kimefutwa na bodi ya mitihani kwa sababu kituo kilichowafundisha kilidanganya, au cheti cha tabia njema kutoka nyumbani hakikupatikana, au haki ya kufanya kazi haikuthibitika. Hawa huwa nawaambia waache kuwaza mahakama hadi wakusanye karatasi zote.

Njia tatu zikiwekwa pamoja

| | Kujibu barua ya kusudio | Rufaa mahakamani | Kuomba upya |
|---|---|---|---|
| Anayeamua | SIA | Hakimu | SIA |
| Muda wako | Siku 21 | Siku 21 tangu kujulishwa uamuzi | Wakati wowote |
| Gharama | Hakuna ada | Ada ya mahakama, pengine wakili, pengine gharama za SIA | Ada nzima ya ombi tena |
| Inamfaa | Karibu kila mtu | Aliyepimwa vibaya, au mwenye kosa la hakika lisilorekebishwa | Ambaye muda ndio unaomkwamisha |
| Haimfai | Asiye na jipya la kusema | Aliyekataliwa kwa lazima na ukweli ni ule ule | Ambaye sababu ya kukataliwa bado ipo |

Ada ya ombi ilishuka hadi pauni 184 Aprili 2023, na hairudishwi ukikataliwa. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu asiombe upya kwa kubahatisha.

Kujibu barua: ya bei rahisi na yenye nguvu kuliko zote

Ningekuwa na uwezo wa kumshika mkono kila Mswahili anayepokea barua ile, ningemwambia afanye jambo moja: ajibu, tena ajibu kwa ushahidi. Hii ndiyo hatua pekee ambapo hulipi kitu, hakuna wakili wa upande wa pili, na afisa anayesoma bado hajaufunga moyo wake.

Tatizo ni jinsi tunavyoandika. Sisi tumelelewa kuanza na salamu, kisha kunyenyekea, kisha kueleza shida. Barua nyingi nilizoletewa nizipitie zilikuwa na kurasa mbili za watoto wanaosoma, mama mgonjwa kijijini, kodi ya nyumba iliyochelewa. Yote ni kweli na yote yanaumiza. Lakini swali lililo mezani pa SIA ni la usalama wa umma: je, mtu huyu akiwekwa mlangoni usiku wa Jumamosi na walevi mia mbili, ni hatari kwao? Shida zako hazijibu swali hilo. Kinacholijibu ni hiki: kosa lilitokea katika mazingira gani, wewe ulikuwa nani wakati ule, umefanya nini tangu hapo, na nani anaweza kulithibitisha.

Barua za watu wa kukusifu nazo zina siri yake. Barua isemayo "namfahamu kwa miaka 10, ni mcha Mungu na mchapakazi" haina uzito ikiwa aliyeiandika hajui ulipatikana na hatia ya nini. Mwenye kusoma atajiuliza kama mwandishi angesema hivyo hivyo akijua. Inayotakiwa ni barua ya msimamizi wako wa kazi, au kiongozi wa msikiti au kanisa, yenye tarehe na namna ya kumpata, inayotaja kosa lenyewe na kusema: nalijua hilo, alinieleza mwenyewe, na haya ndiyo niliyoyaona tangu wakati ule. Najua aibu inayokuja na kumwomba imamu aandike neno "shambulio" kwenye barua. Watu wamenilia mbele yangu kwa hilo. Lakini barua moja ya namna hiyo inashinda tano za sifa tupu.

Neno kuhusu onyo la polisi (caution). Wengi wetu tulilisaini kituoni saa tisa usiku, tumechoka, Kiingereza kimegoma, tukiambiwa ukisaini unaenda nyumbani. Kusaini kule ni kukiri kosa, na SIA inaliona na kulihesabu. Kama hukuelewa ulichosaini, njia ya kulipinga ni kuiandikia polisi iliyokupa, na hilo halimaliziki ndani ya siku 21. Basi eleza mazingira yake kwenye jibu lako bila kuukana mkono wako.

Kuna mtego mwingine wa kalenda. Una haki ya kuomba nakala ya taarifa zako ambazo SIA inazo, na rekodi yako ya polisi kupitia ACRO, ofisi ya polisi inayoshughulikia rekodi za jinai, bure zote mbili. Lakini wao wana mwezi mmoja wa kukujibu, na wewe una siku 21. Omba siku ya kwanza, na kwenye jibu lako ueleze kwamba unasubiri nakala hizo. Mwenye busara anaziomba kabla hata ya kupeleka ombi la leseni, kisha anaingia kwenye tovuti ya SIA na kutumia kikokotoo chao cha rekodi ya jinai kuona jibu litakavyokuwa. Hilo lingewaokolea wengi ada yao.

Na usidanganye. Kutoa taarifa ya uongo kwa SIA, ukijua au kwa kutojali, ni kosa la jinai chini ya sheria hiyo hiyo. Ukidanganya leo kuhusu kosa dogo, kesho una kosa jipya linalohusu uaminifu, na uaminifu ndio msingi wa kazi yenyewe.

Rufaa: inafaa kwa wachache, lakini kwa hao inafaa kweli

England na Wales rufaa inakwenda kwa mahakama ya mahakimu ya eneo lako. Scotland inakwenda kwa Sheriff, yaani hakimu wa huko. Siku ni 21, na zinahesabiwa tangu siku uliyojulishwa uamuzi, siku hiyo yenyewe ikiwa ya kwanza. Ukijulishwa tarehe 3 Machi, siku yako ya mwisho ni tarehe 23, siyo 24. Sheria haikuweka kifungu cha kuongeza siku, kwa hiyo usitegemee huruma ya karani. Peleka mapema, na uweke uthibitisho kwamba umepeleka.

Faida ya rufaa ni kwamba hakimu anaitazama kesi upya. Unasimama mwenyewe, unaulizwa maswali, unaweza kuleta shahidi aje azungumze kwa mdomo wake. Kwa mtu ambaye karatasi hazimwelezi vizuri, hili ni jambo kubwa. Nafikiria hasa wale walionyimwa kwa taarifa za polisi ambazo hazikuishia mahakamani: ulikamatwa, uliachiwa, hakuna shitaka, lakini taarifa ikabaki. Hapo SIA inapima kama ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, kipimo ambacho ni chini kuliko cha kesi ya jinai. Mbele ya hakimu, taarifa ya karatasi inakutana na mtu mzima anayeeleza kilichotokea. Kesi za aina hii ndizo ninazoona zinastahili mahakama kuliko zote.

Sasa upande wa pili. Kuna ada ya kufungua shauri, ingawa mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Msaada wa wakili wa serikali usiutegemee kwa rufaa hizi, na SIA itakuja na wakili wake. Ukishindwa, wanaweza kuiomba mahakama ikuamuru ulipe gharama zao. Watu huliona hilo, kisha hujifariji kwamba wakishinda watarudishiwa zao. Hapana. Tangu hukumu moja ya mwaka 2000, mahakama kwa kawaida hazimwamuru mdhibiti, yaani mamlaka kama SIA, alipe gharama za aliyeshinda ikiwa mdhibiti aliamua kwa nia njema na kwa sababu za msingi. Unaweza kutoka mahakamani na ushindi mkononi na deni la wakili mfukoni. Kwa hiyo uliza bei yote mwanzoni, na uulize pia wakili huyo ameshughulikia rufaa ngapi za leseni. Wakili wa uhamiaji mzuri si lazima awe mzuri hapa.

Uamuzi wa mahakimu nao unaweza kupelekwa Crown Court, mahakama iliyo juu yao, na pande zote mbili zina haki hiyo. Maana yake hata ukishinda, SIA inaweza kuendelea.

Na wakati wote huo wa kusubiri, kama ombi lako lilikuwa jipya, huna beji na huwezi kufanya kazi inayotaka beji. Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Aliyenyang'anywa leseni aliyokuwa nayo kwa kawaida anaendelea kuwa nayo hadi siku 21 zipite, na akikata rufaa, hadi rufaa iamuliwe. Kwake rufaa ina faida ya mshahara unaoendelea. Ila leseni ikisimamishwa, kusimamishwa huko kwa kawaida kunaanza papo hapo. Soma neno lililotumika kwenye barua kabla ya kupanga zamu ya kesho.

Mahakama Kuu, kwa maana ya kupitia uhalali wa uamuzi, ni ya gharama kubwa na ya hoja finyu. Bila wakili aliyebobea usiiguse. Malalamiko kwa SIA yanafaa kwa ucheleweshaji au huduma mbovu. Hayabadilishi uamuzi, na hayasimamishi saa ya siku 21.

Kusubiri na kuomba upya

Kuna heshima katika njia hii ambayo watu hawaioni. Ikiwa kinachokuzuia ni muda, na vigezo vinaonyesha kwamba baada ya miezi kadhaa kesi yako itatoka kwenye kukataliwa kwa lazima na kuingia kwenye kupimwa, au kutoka kupimwa hadi kutolewa, basi kupigana leo ni kununua kwa bei ghali kitu ambacho kalenda itakupa. Andika tarehe hiyo. Itumie miezi hiyo kujenga ushahidi: kazi yenye msimamizi atakayekuandikia, kozi, huduma ya kujitolea.

Ni njia hii pia inayowafaa waliokwama kwa karatasi za nyumbani. Ukiwa umeishi nje ya Uingereza kwa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka inayoulizwa kwenye fomu, unatakiwa kuleta cheti cha rekodi ya jinai cha nchi hiyo. Na kumbuka inahesabu hata kwa raia wa Uingereza aliyerudi Mombasa kumuuguza mzazi kwa miezi minane. Mkenya anakiomba kwa DCI, idara ya upelelezi, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kutoa alama za vidole. Mtanzania anakiomba polisi. Mganda anapitia ofisi ya Interpol Kampala. Aliyefanya kazi Muscat au Dubai ana kile cha huko pia. Kikiwa kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu, kiambatanishe na tafsiri iliyothibitishwa. Aliyekimbia nchi yake na hawezi kuiandikia serikali yake asinyamaze: aeleze kwa maandishi mapema, pamoja na hati zake za ukimbizi.

Wakati unasubiri, kuna mlango mmoja halali ambao haufahamiki vya kutosha. Mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja na mwenye mali, siyo na kampuni ya ulinzi, kwa kazi nyingi hahitaji beji. Duka linalomwajiri mlinzi wake lenyewe, chuo chenye walinzi wake, ghala lenye mtu wake wa getini. Isipokuwa mlangoni kwenye sehemu yenye leseni ya pombe au burudani: huko beji ni lazima hata ukiajiriwa na mwenye baa. Soma mkataba uone nani hasa anakuajiri, maana kampuni ya wakala ikiwa katikati, umeshatoka kwenye msamaha huo. Uchunguzi wa shambulio la Manchester Arena ulipendekeza mwaka 2021 kwamba watazamaji kamera walioajiriwa moja kwa moja nao watakiwe leseni, kwa hiyo uhakikishe sheria ya siku hiyo kabla ya kusaini.

Nani achague nini

Tuseme dada mmoja alipata onyo la polisi kwa ugomvi miaka kadhaa iliyopita, hana jingine, na barua ya kusudio imeingia jana. Ajibu. Aombe barua mbili zinazolitaja kosa, aeleze bila kujitetea kupita kiasi. Mahakama asiiwaze bado.

Tuseme kaka amemaliza kifungo cha nje mwaka jana na vigezo vinamkataa kwa lazima. Ahakikishe tarehe na adhabu ni sahihi. Zikiwa sahihi, atunze pesa zake, atafute kazi ya kuajiriwa moja kwa moja, aandike tarehe ya kuomba upya. Wakili akimwahidi kwamba atamshawishi hakimu, aulizwe atavukaje hukumu ya 2007.

Tuseme baba wa miaka hamsini, mlinzi wa miaka mingi, amenyang'anywa beji kwa taarifa ya tukio ambalo hakushitakiwa, na alijibu barua vizuri lakini SIA haikukubali. Huyu ndiye ninayemwambia aende mahakamani, tena wiki hii. Beji yake haijasimamishwa, anaweza kuendelea na zamu rufaa ikisubiri, na kuna wenzake waliokuwepo usiku ule wanaoweza kuja kusema walichokiona. Wale wenzake awapigie simu leo, kabla hawajahama mji na kubadili namba.